Propati ya klasi katika Python: ugumu uko kwenye kubadilisha

Chukua programu ya mizani ya samaki pale ufuo wa Dunga, Kisumu. Bei ya kilo ya mbuta ni ya klasi nzima, si ya samaki mmoja mmoja. Unataka kuandika `Mbuta.bei`, Python ikokotoe yenyewe; hiyo ndiyo propati ya klasi. Ukitaka kupendekeza jambo hili liingizwe kwenye lugha, anza na historia: Python 3.9, ya mwaka 2020, iliruhusu `@classmethod` kufunika `@property`. Toleo la 3.11 likatangaza kuwa njia hiyo inaachwa, na 3.13 likaiondoa.

Kusoma hakuna taabu. Deskripta, yaani kitu kinachoiambia Python la kufanya jina fulani likisomwa (`__get__`) au likibadilishwa (`__set__`), inatosha ikiwa na `__get__` peke yake, mistari mitano hivi. Sasa andika `Mbuta.bei = -50`. Python hutafuta `__set__` kwenye metaklasi (klasi inayounda klasi), haiangalii deskripta iliyo ndani ya `Mbuta`. Isipoipata, inaibandika -50 mahali pa propati yako. Ukaguzi wako hauitwi, kosa halitokei, na risiti zote zinazofuata zina bei hasi. Heri programu ingekufa palepale, mwenye mizani akajua.

Kuna wanaosema weka propati kwenye metaklasi. Kweli, `__set__` itaitwa, lakini `samaki.bei`, ambapo `samaki` ni kitu kimoja cha klasi `Mbuta`, italeta `AttributeError`, maana kitu hakitafuti kwenye metaklasi ya klasi yake. Tena ukirithi `ABC` (klasi ya msingi ya klasi dhahania, yenye metaklasi yake `ABCMeta`) pamoja nayo, unapata `TypeError` ya mgongano wa metaklasi, mpaka metaklasi yako nayo irithi `ABCMeta`.

Naona pendekezo linalofaa ni metodi mpya ya deskripta, ambayo `type.__setattr__`, inayoshughulikia mabadiliko ya sifa za klasi, itaiita pale tu ilipotangazwa. Programu za zamani hazina metodi hiyo, hivyo tabia yake haibadiliki. Ila kila badiliko kwenye klasi yoyote litaongezewa hatua ya kutafuta, kwa hiyo pima kasi kabla na baada, uweke vipimo ndani ya andiko. Ueleze pia kufuta kwa `del`.

Usisahau urithi. Mtu akiandika `bei = 300` ndani ya mwili wa klasi `Mbuta(Samaki)`, yaani `Mbuta` inayorithi `Samaki` yenye propati, thamani hiyo huingia kwenye kamusi ya majina kabla klasi haijaundwa, na `__setattr__` haipitiwi kabisa. Propati ya `Samaki` inafunikwa kimya. Amua kama hilo ni ruhusa au kosa, na uandike sababu.

Kama wewe si msanidi mkuu wa Python, PEP yako (andiko rasmi la kupendekeza badiliko la Python) inahitaji mdhamini, kwa kawaida aliye miongoni mwao. Mpelekee msimbo unaofanya kazi, pamoja na jaribio la ile -50.