Blogu ya Darasa: Maana, Faida na Kasoro Zake

Blogu ya darasa ni ukurasa wa mtandaoni ambamo mwalimu na wanafunzi wake huchapisha maandishi yanayohusu masomo, chapisho jipya likikaa juu ya lililotangulia, na wasomaji wakiwa na nafasi ya kutoa maoni chini ya kila chapisho. Teknolojia yenyewe si ngeni: Blogger, huduma ya kutengenezea blogu, ilianza mwaka 1999, WordPress ikafuata mwaka 2003, na mwaka 2005 ikaja Edublogs, iliyowalenga walimu na wanafunzi moja kwa moja. Blogu ambayo mwalimu huitumia kubandika mazoezi na tarehe za mitihani haitofautiani sana na ubao wa matangazo, kwa hiyo mjadala wa kweli unahusu ile ambayo wanafunzi wenyewe ndio waandishi.

Faida yake kubwa ni msomaji. Anapoandika kwenye daftari, mwanafunzi humwandikia mwalimu peke yake, mtu ambaye tayari analijua jibu na anasoma ili atoe alama. Kwenye blogu anasomwa na wenzake, ambao hawakuona alichokiona, na kwa sababu hiyo analazimika kueleza. Tuseme mwanafunzi ameandika kuhusu jaribio la sayansi kwamba mche wa maharage uliowekwa kabatini ulikufa kwa kukosa mwanga. Mwalimu mwenye madaftari mengi angeweka alama ya vema na kufungua linalofuata. Mwanafunzi mwenzake akiuliza, "Huo wa kabatini ulikuwa unaumwagilia maji sawa na ule wa dirishani?", mwandishi hana budi kurudi kwenye kumbukumbu zake, na huenda akagundua kwamba kabati lilipofungwa, maji nayo yalisahaulika. Swali hilo limegusa kiini cha jaribio la kisayansi, yaani kubadilisha jambo moja tu huku mengine yakibaki vilevile. Isitoshe, machapisho hubaki na tarehe zake, hivyo maendeleo ya uandishi huonekana kwa urahisi.

Kasoro nyingi zinatokana na msomaji huyohuyo. Kosa la daftarini hujulikana na watu wawili, ilhali la kwenye blogu huonwa na darasa zima, na kejeli moja kwenye maoni yaweza kumfanya mtoto asiandike tena. Ikiwa blogu iko wazi kwa umma, jina, picha na shule ya mtoto huweza kunakiliwa na mtu asiyejulikana, na kulifuta chapisho hakuzifuti nakala zake. Ndiyo maana sheria huingilia kati: nchini Marekani, sheria ya COPPA ya mwaka 1998 inazitaka tovuti zinazowalenga watoto walio chini ya miaka 13 zipate ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa zao, na katika Umoja wa Ulaya kanuni ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu 2018, imeweka umri wa mtoto kutoa ridhaa hiyo mwenyewe kuwa miaka 16, ingawa nchi mwanachama inaweza kuushusha hadi 13. Kwa maoni yangu, blogu ya watoto ifungwe kwa nenosiri, kwani kumpoteza msomaji wa mbali si hasara kubwa maadamu wenzake darasani wanasoma.

Upo pia mzigo wa mwalimu, ambao mara nyingi hausemwi. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akiandika chapisho moja na maoni mawili kwa wiki, huzalisha maandishi 120 ya kupitiwa. Maoni yakiwa ya lazima, mengi huishia kuwa "Kazi nzuri!", ambayo hayamfundishi yeyote. Naye asiye na kifaa wala intaneti nyumbani hubaki nyuma bila kosa lake, isipokuwa kama uandishi wote unafanyika katika vipindi vya shule, jambo ambalo nalo hula muda wa masomo mengine.