Kumuuliza hakumtii wazo la kujiua

Imani hii ni ya zamani: ukimuuliza mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani kama anafikiria kujiua, umemtia wazo hilo kichwani. Basi ndugu hunyamaza, wakazungumzia mvua na mpira huku wakimwona anagawa vitu alivyovipenda. Si kweli. Tafiti za miaka mingi hazikuona swali hilo likizaa wazo la kujiua. Mara nyingi mtu hupata nafuu, maana hatimaye kuna aliyeona anavyoumia.

Muulize waziwazi, kwa upole: "Kaka, unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza, msikilize. Usimkatize kwa kumkumbusha kwamba ana watoto. Hilo analijua, na huenda ndilo linalomuumiza zaidi.

Nchini Marekani, mwanajeshi wa zamani, au jamaa anayemhofia, anaweza kupiga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, kisha abonyeze 1 kufikia huduma ya wanajeshi wa zamani, bure, saa yoyote. Huduma hiyo ilianza 2007, na si lazima awe amejiandikisha kutibiwa na Idara ya Maveterani, yaani idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani.

Huko, wanajeshi wa zamani wengi wanaojiua hutumia bunduki, na naamini hapa ndipo ndugu wanaweza kusaidia sana. Wimbi la kutaka kufa huweza kupanda na kushuka ndani ya saa chache, hata dakika. Idara hiyo hutoa bure kufuli la waya linalopitishwa ndani ya bunduki isiyo na risasi. Likishafungwa, mwombe akukabidhi ufunguo, ukae nao wewe mpaka wimbi lipite.