Mkataba wa Versailles: amani iliyoandikwa na washindi

Mkataba wa Versailles ni makubaliano yaliyofunga rasmi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kati ya Ujerumani na mataifa yaliyoishinda. Ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, nje kidogo ya Paris, ukaanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Una ibara 440. Wengi wetu tuliukuta darasani kwenye mada ya sababu za Vita Kuu ya Pili: Wajerumani walionewa, wakajenga kinyongo, Hitler akapata mwanya. Kwa msomaji wa Iringa, Kigali au Bujumbura maelezo hayo hayatoshi hata kidogo, maana mkataba huohuo ndio uliombadilishia babu yake mtawala bila yeye kuulizwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Tarehe 11 Novemba 1918 ilikuwa siku ya kusimamisha mapigano, wala si siku ya amani. Huku kwetu hata hiyo haikufika kwa wakati: jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Amani yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa. Kazi hiyo ilianza Paris mwezi Januari 1919, na waliokuwa na sauti ya mwisho walikuwa wachache: Georges Clemenceau wa Ufaransa, David Lloyd George wa Uingereza, Woodrow Wilson wa Marekani, na kwa kiasi kidogo Vittorio Orlando wa Italia.

Clemenceau alitaka Ujerumani idhoofishwe isiweze tena kuvuka mpaka, na ukiyatazama mashamba na migodi ya kaskazini mwa Ufaransa ilivyoachwa, humlaumu sana. Wilson alikuja na ahadi ya watu kujiamulia mambo yao. Lloyd George alikuwa katikati, akiwaangalia wapiga kura wake kwa jicho moja na biashara ya Ulaya kwa jicho lingine. Ujerumani haikukaa kwenye majadiliano. Ilikabidhiwa rasimu tarehe 7 Mei, ikaruhusiwa kujibu kwa maandishi, ikapata mabadiliko machache, kisha ikaambiwa itie saini au vita viendelee. Huo ndio ufa wa kwanza wa amani hii, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote. Aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kuuona mkataba kuwa ni wake pia.

Masharti yalikuwa mazito. Alsace na Lorraine zilirudi Ufaransa, Poland ikapata ardhi na njia ya kufika baharini, jeshi la Ujerumani likawekewa kikomo cha askari 100,000, ndege za kivita na nyambizi zikapigwa marufuku. Ibara ya 231 ikaitaka Ujerumani ikubali kuwajibika kwa hasara zote za vita, na juu yake ikajengwa hoja ya fidia. Kiasi chenyewe hakikuandikwa mwaka 1919. Kilitajwa mwaka 1921, marki za dhahabu bilioni 132.

Hapa ndipo simulizi ya darasani inapokimbia. Ni kweli kwamba fidia zilileta balaa: Ujerumani ilipochelewa kulipa, Ufaransa na Ubelgiji ziliingiza majeshi bonde la Ruhr Januari 1923, na kufikia Novemba dola moja ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Lakini baada ya hapo deni lilipangwa upya mwaka 1924, likapunguzwa mwaka 1929, na malipo yakaachwa kabisa mwaka 1932, kabla Hitler hajashika madaraka. Katika uchaguzi wa 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kilichompandisha kwa kasi ni mdororo mkuu wa uchumi uliofuata. Mkataba ulimpa kauli za jukwaani, lakini haukumweka ikulu. Tena mlinzi wake mkuu aliukimbia mapema: Seneti ya Marekani ilikataa kuuidhinisha, mara ya kwanza Novemba 1919 na mara ya pili Machi 1920, hivyo Shirikisho la Mataifa, lililoundwa na mkataba huo ili kulinda amani, likaanza kazi bila nchi iliyolibuni.

Sasa tuje kwa wengine ambao hawakuwa mezani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa, wakibeba mizigo ya majeshi yasiyokuwa yao. Mezani Paris hakuwapo hata mmoja wa kuwasemea. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, aliitisha kongamano la watu wa asili ya Afrika palepale Paris mwezi Februari 1919, lakini wakubwa hawakulipa uzito. Japani iliomba usawa wa mataifa bila kujali rangi uandikwe kwenye katiba ya Shirikisho. Kura 11 kati ya 17 ziliunga mkono, Wilson akasema jambo kama hilo linahitaji wote wakubali. Likafa hapo.

Ibara ya 119 iliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote. Mei 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani: sehemu kubwa ikawa ya Uingereza, baadaye ikaitwa Tanganyika, na Ruanda-Urundi ikawa ya Ubelgiji. Kipande cha Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, kikapewa Wareno. Waingereza walikata hata eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, kwa ajili ya reli waliyoiota kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga na wamisionari walilalamika, na Gisaka ikarudishwa.

Kwa kuwa Wilson hakutaka ionekane kuwa ni nyara, ulibuniwa mfumo wa udhamini, ulioelezwa katika ibara ya 22. Mtawala mpya alipewa nchi kama msimamizi anavyopewa mali ya yatima: aitunze, asiifanye yake, na kila mwaka apeleke hesabu kwa tume ya Shirikisho huko Geneva. Yalikuwepo madaraja matatu. Iraki na Syria ziliwekwa kundi A, karibu na kujitawala. Tanganyika na Ruanda-Urundi ziliwekwa kundi B. Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, iliwekwa kundi C, ambalo mtawala aliliendesha kama sehemu ya nchi yake. Waliowekwa katika madaraja hayo hawakuulizwa. Ibara yenyewe inawaita watu wasioweza bado kusimama wenyewe katika dunia ya kisasa.

Ibara ya 246 nayo ina jambo la kushangaza: Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka. Fuvu lilifika Kalenga Juni 1954 tu, baada ya Gavana Edward Twining kwenda makumbusho ya Bremen, kuliteua miongoni mwa mafuvu mengi kwa vipimo na tundu la risasi, na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo hasa.

Hata hivyo udhamini ulibeba kitu ambacho waandishi wake hawakukipigia hesabu. Shirikisho lilipokufa, Tanganyika ilihamia kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1946, na baraza hilo lilipokea malalamiko. Wameru walipofukuzwa kwenye ardhi yao, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza hilo kudai Tanganyika ielekezwe kwenye uhuru, mlango ambao jirani zetu wa Kenya, waliokuwa koloni kamili, hawakuwa nao. Namibia ilipata bahati mbaya ya kundi C: Afrika Kusini iliing'ang'ania hata baada ya Umoja wa Mataifa kuufuta udhamini wake mwaka 1966, na uhuru ukaja Machi 1990, baada ya vita vya zaidi ya miaka ishirini.