Je, wajua kwa nini nyimbo nzuri hujificha upande wa pili wa santuri?

Katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, kuna vijana wanaokaa na kompyuta chini ya mwavuli na kupakia nyimbo kwenye kadi za simu. Siku moja nilimkuta mmoja akipiga gitaa la zamani kwenye spika, na mwenzake akirapu juu yake. Gitaa lile likanisimamisha. Nikauliza ni la nani.

“Papa, jina sijue. Niliikuta tu vile.”

Akanigeuzia kompyuta nijionee. Faili iliandikwa “Piste 07”, yaani wimbo namba 7. Hakuna mwimbaji, hakuna mwaka. Nikamlipa, akanipakilia.

Wengi hudhani wimbo usiojulikana haukuwa mzuri. Mimi nakataa. Nyimbo nyingi za soul, muziki wa Wamarekani weusi, zilizama siku ileile zilipotoka, kwa sababu ya namna zilivyouzwa. Marekani ya miaka ya 1960 iliuza soul kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Kampuni ilisukuma upande A, na huo ndio uliopigwa redioni. Upande B ilibidi tu usibaki mtupu. Bendi ilipiga ilichokuwa nacho, haraka, bila mtu wa kuisumbua, na mara nyingi hapo ndipo wanamuziki walipojiachia.

Chukua The Winstons, bendi ya Washington. Mwaka 1969 walitoa “Color Him Father”, wimbo uliopendwa na hata kupata tuzo ya Grammy. Upande wa pili waliweka “Amen, Brother”, muziki usio na maneno. Katikati yake bendi nzima inanyamaza, na Gregory Coleman anabaki peke yake na ngoma zake. Ni kama sekunde 7 tu: mipigo inatembea sawasawa, halafu inajikwaa kidogo mwishoni, kama mtu aliyekosa ngazi akasimama tena. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali.

Bronx, New York, ndiko sikio lilikobadilika. Kuanzia 1973 DJ Kool Herc aligundua kwamba wachezaji husubiri kipande kile cha ngoma tupu, akaanza kukirudiarudia kwa santuri mbili zinazofanana. Tangu hapo madijei wakawa wawindaji wa sekunde chache, na upande B ukawa pori lao. Herc alizilowesha santuri zake majini ili kubandua lebo, wapinzani wasisome majina. Basi hata aliyeokoa wimbo alikuwa anauficha tena!

Zilipokuja mashine za kunasa kipande cha wimbo na kukirudia, kipande cha Coleman kilipachikwa kila mahali. Kundi la rap la N.W.A lilikitumia mwaka 1988 katika “Straight Outta Compton”. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Uingereza walikiongeza kasi na kukikatakata, na juu yake ukajengwa muziki wa elektroniki uitwao jungle. Coleman hakupata kitu. Alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Mwaka 2015 mashabiki walichanga kama pauni 24,000 wakampa Richard Spencer, kiongozi wa bendi. Mimi bado naumia kwa ajili ya yule mpiga ngoma.

Wakati mwingine wimbo huvuka bahari ukiwa mzima, si kipande tu. Gloria Jones aliimba “Tainted Love” katikati ya miaka ya 1960, nao pia ukawekwa upande B, ukafa. Mwaka 1973 DJ Mwingereza, Richard Searling, aliipata santuri hiyo akiwa Marekani, akaenda kuipiga katika kumbi za kaskazini mwa Uingereza, ambako watu walicheza usiku kucha kwa soul ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa wameisahau. Mwaka 1981 Soft Cell, kundi la Uingereza, wakaupiga upya kwa kinanda cha elektroniki, ukashika namba moja Uingereza.

Je, wewe utazipataje nyimbo kama hizi? Anza na wimbo unaoupenda na urudi nyuma. Uliza ngoma zake zilikatwa kutoka wimbo gani. Ukishapata santuri ya asili, soma maandishi madogo: nani alipiga besi, nani alirekodi, studio gani. Kisha tafuta kazi nyingine za mpiga besi huyohuyo. Na usiache kamwe kusikiliza upande wa pili.

Ila njia hii inahitaji majina, na kwetu majina ndiyo yanayopotea kwanza. Kadi moja inanakiliwa hadi nyingine, na kila mara kitu kinadondoka njiani, mpaka inabaki “Piste 07”.

Niliupeleka wimbo wangu mtaa wa Katuba kwa mzee jirani yetu. Hakungoja hata nusu dakika.

“Eh, mwanangu! Huyu ni Bosco. Mwenda wa Bayeke!”

Akaanza kuchezesha kidole gumba na cha shahada hewani, akifuata nyuzi. Ni “Masanga” ya mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, wimbo ambao Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliurekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa kwetu. Nikafungua simu palepale, nikafuta “Piste 07”, nikaandika jina lake, jina la wimbo na mwaka. Kesho yake nikaurudisha sokoni kwa yule kijana.