Kabla hujatia Tween 80 kwenye kipimo cha liposomu

Nikiletewa grafu inayoonyesha dawa yote imetoka kwenye liposomu (vifuko vidogo mno vya mafuta vinavyobeba dawa) ndani ya saa chache, nauliza kwanza: kwenye maji ya kupimia mlitia nini? Hapa Nairobi jibu mara nyingi ni Tween 80, aina ya safaktanti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni.

Sababu yake naielewa. Dawa isiyopenda maji ikitoka hukosa pa kuyeyukia, hivyo safaktanti huongezwa ili maji yaipokee. Lakini safaktanti hiyohiyo hujipenyeza kwenye utando wa liposomu, uliojengwa kwa mafuta yaitwayo fosfolipidi. Zikiingia molekuli chache, utando hulegea na dawa huvuja. Zikiongezeka, utando huanza kumeguka kuwa miseli (vijichembe vya safaktanti na lipidi, yaani mafuta ya utando) huku liposomu nyingine zikiwa bado zipo. Safaktanti kali ikizidi, hubaki miseli pekee. Mtafiti Lichtenberg alizieleza hatua hizi tatu miaka ya 1980, na mpaka leo watu hutaja "asilimia 0.5 ya Tween" bila kusema lipidi ilikuwa kiasi gani. Kinachoamua ni uwiano wa safaktanti kwa lipidi ndani ya utando. Kolesteroli huukaza utando, ila si kinga kamili.

Hakikisha hivi. Jaza liposomu kalseini, rangi inayong'aa kijani, ya takriban milimola 80 kwa lita. Ikisongamana ndani, molekuli zake huzimana mwanga, na mchanganyiko huwa wa rangi ya chungwa iliyofifia; ikivuja nje hutawanyika na kung'aa. Ondoa kalseini iliyobaki nje, kisha tia liposomu hizo kwenye maji yaleyale ya kupimia, bila dawa, kwa nyuzi 37. (Usipimie mezani mwezi wa Julai, baridi yetu hukaza utando ukadhani mambo ni shwari.) Mng'ao wa kijani ukipanda kuliko kwenye maji yasiyo na Tween, basi Tween ndiyo inayotoboa. Mwishoni tia Triton X-100, safaktanti kali: liposomu zote hupasuka, na mng'ao huo ndio asilimia 100 yako.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya dawa kama amfoterisini B, dawa ya fangasi. Ile ya zamani huyeyushwa kwa deoksikolati, safaktanti ya jamii ya chumvi za nyongo, na huumiza sana figo. Ya liposomu ni nafuu zaidi kwa figo, nayo hutibu kala-azar, ugonjwa unaowasumbua watu wa Baringo na Pokot Magharibi. Dawa ya namna hiyo haistahili kupimwa kwa maji yanayobomoa chombo chake.

Kalseini ikivuja, acha Tween; ili dawa ipate pa kuyeyukia, ongeza ujazo wa maji au punguza dawa. Kwa dawa ya kudungwa mshipani mimi hupendelea albumini, protini ya damu, kwani ndiyo itakayokutana nayo kwenye damu. Nayo pia ipimwe kwanza kwa kalseini.