Usalama wa mpaka ni kazi ya majirani wawili

Kabla ya kuzungumzia doria, forodha na hati za kusafiria, kuna swali la kwanza ambalo nchi nyingi hulipita haraka: mstari wenyewe unapita wapi? Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 uligawa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa kufuata mito, maziwa na mistari iliyochorwa kwenye ramani, tena mbali na watu wanaoishi humo. Mkataba wa aina hiyo ni mwanzo tu. Baada yake wapimaji wa nchi zote mbili wanapaswa kwenda uwandani pamoja, wakubaliane kila sehemu, wasimike alama, kisha warudi mara kwa mara kuzikagua. Kazi hii ya ardhini ni ya gharama, ni ya polepole na haina sherehe, kwa hiyo huahirishwa. Naiweka mbele ya nyingine zote, kwa sababu askari wa doria asiyejua nchi yake inaishia wapi ni hatari kwake mwenyewe na kwa jirani.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua mjini Cairo, Julai 1964, kwamba wanachama waheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Uamuzi huo uliziba mlango wa madai mengi, lakini haukuweza kusema kila mstari unakatiza kijiji gani. Mali na Burkina Faso zilipigana Desemba 1985 kwa ajili ya ukanda wa Agacher, wakati shauri lenyewe tayari liko mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ilitolewa Desemba 1986 na pande zote mbili zikaikubali. Watu walikufa kwa jambo ambalo majaji walilimaliza mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha Programu ya Mipaka, ukitaka mipaka isiyo na alama iwekewe alama ifikapo 2012. Muda ukasogezwa hadi 2017, na bado kazi haijaisha.

Asili nayo haisubiri. Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, umekuwa ukihama mkondo wake wakati wa mafuriko, na shamba la mkulima likajikuta ng'ambo ya pili bila yeye kuinua mguu. Nchi hizo mbili zimeamua kuliendeleza bonde la mto huo kwa pamoja, na kuimarisha kingo zake ni sehemu ya mpango. Hapo jirani ni wa lazima: ukuta wa kingo ukijengwa upande mmoja peke yake, maji huhamia upande wa pili.

Mstari ukishajulikana, swali linalofuata ni nani apite na kwa utaratibu gani. Wapo wanaoamini kwamba mpaka ukifungwa, usalama hupatikana. Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu Agosti 2019, hasa ili kuzuia magendo ya mchele, na ikaanza kuifungua tena Desemba 2020. Katika muda huo wafanyabiashara halali ndio waliokwama, huku magendo yakiendelea kupitia njia za panya. Mhalifu ana faida moja kubwa mpakani: akivuka hatua chache, anaingia kwenye sheria nyingine na polisi wengine. Faida hiyo haiondolewi na ua. Huondolewa pale ofisa wa upande huu anapoweza kumpigia simu mwenzake wa upande wa pili, anamfahamu kwa jina, na makubaliano yanamruhusu kumpa taarifa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana vituo vya pamoja vya mpakani vina uzito kuliko vinavyoonekana. Chirundu, kwenye Mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, kilizinduliwa Desemba 2009. Lori linaloingia Zambia husimama upande wa Zambia tu, ambako maofisa wa nchi zote mbili hufanya ukaguzi, na linaloingia Zimbabwe vivyo hivyo upande wa Zimbabwe. Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, na Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, hufuata mtindo huohuo. Jengo ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye sheria, maana ofisa anatumia sheria za nchi yake akiwa amesimama kwenye ardhi ya nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria mahususi kwa ajili hiyo, ya mwaka 2016. Norway na Sweden zilikwenda mbali zaidi tangu 1959: forodha ya nchi moja hufanya kazi kwa niaba ya zote mbili, na hivyo hakuna haja ya kujenga ofisi mbili kila penye barabara.

Waliobaki ni wakazi wenyewe, wenye ndugu, malisho na soko pande zote mbili. Wao ndio wa kwanza kumwona mgeni asiyeeleweka, na ndio wa kwanza kukaa kimya wakizoea kusumbuliwa. Septemba 2019 Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano huko Moroto kuhusu amani na maendeleo ya wafugaji wa Turkana na Karamoja, kwa kutambua kwamba silaha na mifugo ya wizi haziwezi kudhibitiwa na upande mmoja. Vikao vya ujirani mwema vya viongozi wa wilaya zinazopakana vinastahili bajeti ya kudumu, visiitishwe tu baada ya watu kuuana.

Kwa mfanyabiashara mdogo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani hati inayothibitisha bidhaa zimezalishwa wapi, hapohapo mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine zinaweza kuwepo. Kiulizie cheti hicho kabla hujamlipa mtu wa kukuvusha porini. Na ukikuta alama ya mpaka imeng'oka au imefunikwa na mashamba, usiiguse wala usiisogeze. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.