Wastaafu wa Dodoma, anzeni na siku ya kukutana, hela baadaye

Wazee wangu shikamooni. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii hapa Dodoma na naandika sasa hivi kwa sababu tunaelekea 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, na kila mwaka zikifika hizi wiki za mwisho za Septemba ofisi inajaa. Vikundi vipya vya wastaafu vinazaliwa, kila kimoja kina jina zuri, kina tisheti, kina mwenyekiti na katibu na mweka hazina, na swali la kwanza wakikaa mezani kwangu ni lile lile, mkopo wetu unatoka lini? Alafu mvua za Desemba zikianza ukiulizia kile kikundi, hakipo tena, kimebaki tisheti.

Hili la mkopo naomba nilimalize mapema maana nimelieleza kwa mtu mmoja mmoja mpaka sauti inakauka. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawanywa hivi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hamna fungu la wazee humo. Sio kwamba afisa kaficha fomu, sio kwamba mtendaji anawabagua, sheria ndo ilivyo. Mama mstaafu anaweza kuingia kwenye kikundi cha wanawake kama mwanamke mwingine yeyote, mzee mwenye ulemavu ana fungu lake, ila kikundi cha wanaume kumi na wawili waliostaafu kazi hakikopeshwi hapo hata mkija mara nane na barua ya diwani. Na lile la matibabu bure nalo hivyo hivyo, msamaha ni kwa mzee asiyejiweza aliyetambuliwa kuanzia mtaani kwake, sio kila aliyefikisha miaka 60. Mnapofika dirishani na kuanza kugombana na yule binti wa mapokezi mnamuonea tu.

Basi kama sio mkopo, kikundi cha nini? Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Dodoma yetu ina wastaafu wa aina yake. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli kweli, watumishi wamekuja kwa maelfu, wakapata viwanja Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni, wakajenga wakiwa bado kazini, wengine walikuwa wamebakiza miaka miwili mitatu tu kufikia ile 60 ya lazima. Mtu anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anarudi usiku, jirani anamjua kwa rangi ya geti. Siku anastaafu ndo anagundua kwamba watu wote aliokuwa anaongea nao walikuwa ofisini. Watoto wako Dar au Mwanza, ukoo uko Kagera au Songea, kanisani anasali anarudi, msikitini hivyo hivyo, na kijiweni haendi kwa sababu anaona vijana watamshangaa.

Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja ofisini kwetu kuulizia barua ya utambulisho. Tukampa. Wiki iliyofuata akarudi, safari hii anauliza kama barua inahitaji muhuri mwingine, tukamwambia hapana baba iko sawa. Wiki ya tatu akarudi tena. Mimi siku hiyo nilikuwa na foleni na nilianza kukasirika, ila mwenzangu akamvutia kiti akamuuliza mzee habari za nyumbani, akakaa saa nzima anaongea. Barua ilikuwa ishaisha kazi yake muda mrefu, mzee alikuwa anatafuta watu. Toka siku ile sijaweza kuangalia faili la kikundi cha wastaafu kwa jicho lile la zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nimeutoa kwenye vikundi nilivyoviona vikidumu na vile nilivyoviona vikifa, ni kwamba anzeni na siku. Jumanne saa tisa alasiri, kila Jumanne, mahali pale pale. Mkiwa watano mnakaa, mkiwa watatu mnakaa. Msianze na katiba wala akaunti. Kuna watu wanaamini hawawezi hata kukaa pamoja kunywa kahawa na kucheza bao bila cheti cha usajili, jamani, kukaa barazani na wenzako kuongea hakuna anayekudai cheti. Mnachohitaji ni kumtaarifu mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima tu na kwa usalama wenu. Mkitaka darasa la shule ya msingi jioni watoto wakishaondoka, mwandikieni mwalimu mkuu barua na nakala kwa mtendaji wa kata. Ila mkitaka kutembea barabarani na ngoma na spika, hiyo ni habari nyingine, polisi wanatakiwa kupata taarifa ya maandishi masaa 48 kabla, na msije kusema hamkuambiwa.

Na muwe na kitu cha kufanya kila mkikutana, maana mkikutana kusikitikia kikokotoo cha mafao ya pensheni tu, mkifika mwezi wa pili kila mtu anabaki kwake. Hapa nataka niwakumbushe wenyewe mlivyokuwa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wakati huo watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67, kufika 1977 takwimu za serikali zikasema 27. Na 1973 ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwenye redio moja kijijini, wanasikiliza kipindi, mmoja anasoma kijitabu, wanajadili, alafu wanatoka wanachimba choo siku hiyo hiyo. Wastaafu wengi wa leo walikuwa watoto wanaowaona baba zao wakienda kisomo na daftari, na baadhi yenu ndo walimu wenyewe wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mlisimama mbele ya darasa mkiwa na miaka kumi na saba. Huo mtindo mnaujua. Sikiliza, jadili, fanya. Hauhitaji projekta wala mgeni rasmi.

Cha kujifunza kiko mezani kwenu tayari. Nesi mstaafu afundishe wenzake kupima presha na kuandika zile namba kwenye daftari, sio kusikia tu kwamba iko juu. Kama kuna mtu wa Mpunguzi au Hombolo mwenye shamba la zabibu aje aonyeshe kupogoa kwa mkasi mkononi, Dodoma zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka na nusu ya kazi ni kujua ukate wapi na lini, na mkikwama kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko Makutupora hapo, sio mbali. Mmekuja kutoka mikoa mingine na mmekaa huku miaka kadhaa, na bado mtu akikusalimia mbukwenyi unatabasamu tu hujui umjibu nini. Waiteni wazee wa Kigogo wawafundishe lugha, na akina mama wawaonyeshe muheme, ile ngoma ya wanawake, mikono itapata mazoezi na mtapata majirani. Nimeona wenyeji wakifurahi sana wakiombwa kufundisha, maana wageni wengi huwa wanaombwa kutoa hotuba na wenyeji wanaombwa kutumbuiza tu, na hilo sio sawa.

Simu ndo somo naloliombea lipewe Jumanne nyingi kuliko yote. Uhakiki wa wastaafu wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, siku hizi unaweza kuufanya kwenye simu janja, unajipiga picha ya uso unamaliza, ila wazee wengi wanampa kijana wa dukani simu pamoja na namba ya siri amfanyie. Usifanye hivyo. Mwambieni mjukuu aje kikundini akae nyuma yenu, kidole kiwe chenu, mkosee, mrudie. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu wala kwenye karatasi ndani ya kava. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, wengine watashtuka. Na akikupigia mtu anajifanya anatoka mfuko wa hifadhi anasema mafao yako yamekwama tuma kidogo tuyafungue, kata simu, ripoti hiyo namba kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na kama roho haitulii makao makuu ya PSSSF yako hapa hapa Dodoma, panda daladala uende ukaulize mwenyewe. Mfuko hauna sababu ya kukuomba namba ya siri. Mzee akitapeliwa huwa anaona aibu ananyamaza miezi, ndo maana nasema lisemwe kikundini kwa sauti, mmoja akisimulia yaliyomkuta wengine kumi wanapona.

Mazoezi sitaandika sana. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo, na mazoezi ya kujisawazisha siku tatu au zaidi ili msianguke. Asubuhi pale bustani ya Chinangali kunatembeleka vizuri kabla jua halijawa kali. Mwenye presha au sukari aongee na daktari wake kwanza.

Kuna jambo la wanaume. Akina mama wakistaafu wanakuwa na kwaya, wana vikoba, wana kitchen pati za mabinti wa mtaa, wanaitwa kila mahali. Baba aliyekuwa mkurugenzi anashindwa kukaa kwenye kikao kinachoongozwa na aliyekuwa dereva. Nimeona kikundi kimekufa kwa hilo tu, watu wawili wote wanataka uenyekiti kwa sababu wote walikuwa na ofisi na katibu muhtasi. Mkianza, uongozaji wa kikao uzunguke, leo huyu wiki ijayo yule, na vyeo vya zamani viachwe getini. Mkishindwa kuongozana kwenye kahawa hela itawashinda zaidi.

Sasa hela. Mkishakaa miezi sita mnajuana, mkaona mnataka kuweka akiba na kukopeshana, hapo ndo sheria inaingia na hapo hatutaki utani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihesabu vikundi vya kuweka na kukopeshana kuwa daraja la nne, na vinasajiliwa halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Wanachama wasipungue 10 wasizidi 50. Mnaleta barua ya maombi iliyosainiwa na viongozi, katiba, muhtasari wa kikao ambacho wanachama walikubaliana kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama wote na sahihi zao, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo, kwa hiyo majina yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, sio huku Mwl. kule jina la utani. Faili nyingi zinarudi kwa hilo tu alafu tunalaumiwa tunachelewesha. Nyingine zinarudi kwa sababu katiba imenakiliwa kwa kikundi cha mkoa mwingine, nimewahi kusoma katiba ya watu wa Nkuhungu ambayo ukurasa wa nne inasema makao makuu ni Mbeya. Kikundi kikishapata cheti ndo mnafungua akaunti, na waweka saini wawe zaidi ya mmoja. Kuendesha kikundi cha kukopeshana bila usajili ni kosa, kuna faini na kuna kifungo, na kibaya zaidi ni kwamba mweka hazina akikimbia na sanduku mnakuja kwetu mkilia na sisi hatuna hata orodha ya kumuonyesha polisi nani alichangia nini. Kama ni mchango mdogo wa kufa na kuzikana tu na hamkopeshani, njooni bado mtuulize kabla hamjaanza, dakika kumi zinatosha, maana vikundi vingi huanza na msiba na baada ya mwaka vinakopeshana bila wenyewe kujua vimevuka mstari.

Huduma ya kusikilizwa ofisini hailipiwi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anatakiwa akuelekeze bure, akikuomba hela ya kukuandikia katiba kataa na umripoti kwa mkurugenzi.

Na kitu cha mwisho ni kalenda. Vikundi vyetu vinakufa mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili watu wako shambani, wanalima uwele na mtama na alizeti, Jumanne ya kwanza wanakosekana wanne, ya pili wanane, ya tatu hakuna anayekwenda. Mlipange hilo toka sasa, mkiwa bado wengi, mchague wawili watatu ambao hawalimi wakabidhiwe funguo na daftari, wakae pale saa tisa hata wakiwa peke yao, ili atakayerudi Aprili na mlenda wake mkavu kwenye kikapu akute mlango uko wazi.